Oswald Short, Fundi wa Ndege za Majini

Meli zipandazo mto Kongo kutoka Kinshasa hufika Kisangani, na hapo safari yao hukoma. Mbele yao yako maporomoko ya Boyoma, ambapo Wagenia hutega mitego yao mikubwa ya samaki, na hakuna meli iwezayo kuyapanda. Kwa hiyo tangu zamani kila mzigo uliotaka kuendelea mbele ulishushwa Kisangani, ukapakiwa katika gari la moshi, ukapelekwa mpaka Ubundu, ili uingizwe tena katika meli nyingine.

Mwaka wa 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, mizigo ya namna mpya ilipita katika njia hiyo. Mji wa Kisangani uliitwa Stanleyville siku zile. Ndani ya mizigo mlikuwa na mabawa ya mbao na kitambaa, injini za chuma, na mitumbwi midogo ya kuelea juu ya maji. Zilikuwa ndege nne, zilizofunguliwa vipande vipande. Zilikuwa zikienda ziwa Tanganyika, na zilikuwa zimebuniwa Uingereza na ndugu watatu walioitwa Short. Mdogo wa ndugu hao, ambaye aliishi kuliko wote na kuibeba kazi yao mpaka mwisho, aliitwa Oswald.

Oswald Short alizaliwa mwaka wa 1883 katika wilaya ya Derbyshire, mahali penye migodi ya makaa na tanuri za chuma. Baba yake alikuwa fundi mkuu katika kiwanda cha chuma. Mkubwa wake Horace alizaliwa mwaka wa 1872, na Eustace mwaka wa 1875. Basi Horace alimpita Oswald kwa zaidi ya miaka kumi, na Oswald alimtazama kaka yake huyo kama mtoto amtazamavyo baba.

Horace alikuwa mtu wa ajabu. Alipokuwa mtoto mchanga alianguka akaumia kichwa, akaugua sana, na kichwa chake kikakua kuliko vichwa vya watu wengine. Watu wasiomjua walimshangaa njiani. Lakini akili yake ilikuwa kali mno. Alisafiri mpaka nchi za mbali, akafanya kazi katika mgodi wa fedha huko Mexico, kisha akarudi kwao akitaka kutengeneza mitambo aliyoiwaza mwenyewe. Mmoja ulikuwa mtambo wa kukuza sauti. Mwaka wa 1900, kulipokuwa na maonyesho makubwa mjini Paris, mtambo huo uliwekwa juu ya mnara wa Eiffel, na sauti ikasikika mbali juu ya mapaa ya mji.

Eustace na Oswald hawakuwa na elimu kubwa wala mali. Walichokuwa nacho ni hamu ya kupanda angani. Karibu na mwaka wa 1897, Oswald akiwa kijana wa miaka kumi na minne tu, wawili hao walinunua baluni kuukuu. Baluni ni mfuko mkubwa sana wa kitambaa uliojazwa hewa nyepesi kuliko hewa tuivutayo. Chini yake hufungwa kikapu, na watu husimama ndani ya kikapu hicho wakachukuliwa na upepo. Ndugu hao waliipeleka baluni yao katika sherehe na masoko, na watu walitoa fedha wapate kuiona ikipaa. Waliposhuka chini walikuwa na kazi nyingine, ya kushona na kuziba matundu. Hivyo ndivyo walivyojifunza ufundi wao: kwa sindano, uzi na gundi.

Baada ya kuziona baluni za mafundi wa Ufaransa walianza kutengeneza za kwao. Mwaka wa 1905 waliombwa watengeneze baluni tatu kwa ajili ya jeshi la Uingereza lililokuwa India. Ilikuwa kazi yao ya kwanza ya heshima. Baadaye walihamia Battersea, mtaa wa London, wakapanga chumba chini ya matao ya daraja la gari la moshi. Mahali pale palikuwa na giza na moshi, na kila treni ilipopita juu vumbi liliwaangukia. Lakini kodi yake ilikuwa ndogo, na karibu yake palikuwa na kiwanda cha hewa ya makaa ya kujazia baluni. Matajiri waliopenda mchezo wa baluni walikuja huko kuagiza zao.

Mwaka wa 1908 mambo yakageuka ghafula. Wilbur Wright, mmoja wa wale ndugu wawili wa Marekani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini mwaka wa 1903, alikuja Ufaransa na kuonyesha ndege yake mbele ya watu wote. Alizunguka angani, akapinda kushoto na kulia kama apendavyo, akatua pale pale alipoanzia. Baluni haiwezi kufanya hivyo. Baluni huenda upepo uendako. Habari hizo zilipomfikia Oswald, alielewa mara moja kwamba siku za baluni zimekwisha. Alimwambia Eustace kwamba lazima waanze kujenga ndege bila kukawia, na kwamba hawataweza bila Horace.

Wakati ule Horace alikuwa mbali, kaskazini mwa Uingereza, akifanya kazi nzuri yenye mshahara mzuri kwa mhandisi Parsons, yule aliyevumbua mtambo wa mvuke wa kuendeshea meli. Ndugu zake walipomwita, aliacha yote akaja. Mwezi wa Novemba 1908 walianzisha shirika lao wakaliita Short Brothers, maana yake ndugu wa ukoo wa Short. Kila mmoja alitoa pauni 200. Kwa pauni hizo 600 walianza kazi ambayo bado hakuna mtu aliyejua kama italipa hata senti moja.

Ndugu wa Wright nao walihitaji fundi wa kuwajengea ndege huko Uingereza. Mapema mwaka wa 1909 waliwapa akina Short kazi ya kujenga ndege sita, kila moja kwa pauni 200. Horace alipewa ndege ya Wright aitazame, akaipima kipande kwa kipande, akachora michoro yake yote kwa mkono wake. Kabla ya hapo mafundi walijenga ndege moja moja, kama seremala ajengavyo kabati la mtu mmoja. Kiwanda cha akina Short kilikuwa cha kwanza duniani kujenga ndege kadhaa za namna moja kwa kufuata mchoro mmoja.

Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurushia ndege mjini London, walihamia kisiwa cha Sheppey, penye ardhi tambarare, mabwawa, kondoo, na upepo wa bahari. Mwezi wa Mei mwaka ule ndugu wa Wright wenyewe walikuja huko kuitazama kazi, wakaridhika.

Si kila kitu kilifaulu. Ndege ya kwanza iliyobuniwa na Horace mwenyewe haikuondoka chini hata kidogo. Ya pili ikafaulu: tarehe 30 Oktoba 1909 Mwingereza mmoja aitwaye Moore-Brabazon aliirusha akazunguka mwendo wa maili moja, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu, akapata zawadi ya pauni 1,000 iliyotolewa na gazeti. Siku chache baadaye mtu huyo alimtia kitoto cha nguruwe ndani ya kikapu, akakifunga kwenye ndege, akapaa naye. Alitaka kuwachekesha wale waliozoea kusema kwamba jambo fulani litatokea siku nguruwe watakaporuka. Nguruwe aliruka, akarudi mzima.

Lakini kazi ile haikuwa mchezo. Mwezi wa Desemba 1910 kijana mmoja, Cecil Grace, aliyekuwa akirusha ndege ya akina Short, alipotea katika ukungu juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Hakuonekana tena. Ndege za siku zile zilikuwa za miti myembamba, nyaya na kitambaa. Rubani alikaa wazi katika upepo, na injini ikizimika hakuwa na msaada ila akili yake na sala zake.

Mwaka wa 1911 maofisa wanne wa jeshi la majini walikuja Sheppey kujifunza kurusha ndege. Tangu siku hiyo akina Short na jeshi la majini walikwenda pamoja. Mwezi wa Januari 1912 mmoja wa maofisa hao, Samson, aliirusha ndege ya Short kutoka juu ya meli ya kivita. Mwingereza yeyote alikuwa hajafanya hivyo kabla yake, na meli yenyewe iliitwa Africa. Kisha Horace aliwaza: kama ndege inakwenda na meli, kwa nini isikae juu ya maji? Akaondoa magurudumu, akafunga chini yake mitumbwi miwili midogo iliyozibwa pande zote. Tena akatafuta njia ya kuyakunja mabawa nyuma, kama ndege wa porini akunjavyo yake atuapo mtini, ili meli ipate kuihifadhi mahali padogo.

Mapema mwaka wa 1914 Horace mwenyewe alifika Afrika. Alisafiri pamoja na rafiki yake McClean katika ndege ya majini wakiufuata mto Nile kutoka Alexandria mpaka Khartoum. Injini iliharibika mara nyingi njiani, wakatua, wakatengeneza, wakaendelea. Walifika mwezi wa Machi. Njia ya kawaida ingewafikisha mapema zaidi, lakini walikuwa wameonyesha jambo moja ambalo Oswald hakulisahau: bara lenye mito mikubwa na maziwa makubwa lina viwanja vya ndege vilivyokwisha kutengenezwa na Mungu.

Mwaka ule ule vita vikaanza. Ndege za akina Short zilitakiwa kwa wingi, na walijenga kiwanda kikubwa kando ya mto Medway, katika mji wa Rochester. Tarehe 12 Agosti 1915, karibu na Uturuki, ndege yao iliipiga meli kwa torpido, yaani kombora liendalo ndani ya maji. Haikupata kutokea kabla ya siku ile. Vita hufanya kazi ya fundi iende mbio, na mara nyingi fundi hana nafasi ya kuchagua kazi yake itatumiwaje.

Ndege zao zilifika Afrika ya Mashariki pia. Mwaka wa 1915 zilitumiwa katika mdomo wa mto Rufiji kuitafuta meli ya kivita ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg, iliyokuwa imejificha kati ya mikoko. Joto la pwani lilizishinda nguvu. Zilipanda kwa shida, na rubani aliyeruka chini chini hupigwa risasi.

Ndipo ikaja zamu ya ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, na bandari yao ilikuwa Kigoma. Wabelgiji walikuwa upande wa magharibi. Waingereza wakawapa Wabelgiji ndege nne za Short. Zilishushwa Matadi, zikapanda gari la moshi mpaka Kinshasa, zikapanda meli mpaka Kisangani, treni mpaka Ubundu, meli tena mpaka Kindu, treni mpaka Kongolo, meli mpaka Kabalo, na treni ya mwisho mpaka ziwani, mahali paitwapo leo Kalemie. Wahesabuji watahesabu kwamba masanduku yale yalipakiwa na kupakuliwa mara nyingi, na kila mara kwa mabega ya watu. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa.

Mawimbi ya ziwa kubwa yangeweza kuzivunja ndege zile, hivyo ziliwekwa katika ziwa dogo la Tungwe lililo karibu. Rubani wa kwanza kupaa pale, mwezi wa Mei 1916, alikuwa Mbelgiji aitwaye Aimé Behaeghe. Mwezi wa Juni alivuka ziwa pamoja na mwenzake Collignon, wakaangusha mabomu Kigoma. Watu wa nchi zile walikuwa hawajaona ndege hata siku moja. Mwezi uliofuata Wajerumani waliondoka Kigoma, nao kabla ya kuondoka waliizamisha meli yao wenyewe. Baadaye iliopolewa, na kwa jina jipya la Liemba iliwachukua abiria wa ziwa Tanganyika kwa miaka mingi sana. Behaeghe mwenyewe hakurudi kwao. Aliugua akafa Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule, naye alikuwa na miaka 26.

Huko Uingereza msiba uliingia nyumba ya Short. Mwezi wa Aprili 1917 Horace alikufa, mwenye miaka 44. Yeye ndiye aliyekuwa akichora ndege zote. Eustace alikuwa mtu wa baluni na kazi za mikono. Ikambidi Oswald, yule mdogo wa mwisho, ashike kalamu ya kaka yake.

Shida hazikukawia. Wakati wa vita akina Short walikuwa wamejenga pia kiwanda kikubwa mahali paitwapo Cardington, ili kutengeneza vyombo virefu vya angani vilivyojazwa hewa nyepesi, pamoja na kijiji kizima cha wafanyakazi ambacho mpaka leo huitwa Shortstown. Mwaka wa 1919 serikali ilikitwaa kiwanda hicho. Tena, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha, hakuna aliyetaka kununua ndege. Oswald alikuwa na mafundi mamia na hakuwa na kazi ya kuwapa. Wengine wangefunga milango. Yeye aliwapa kazi ya kujenga mashua, na mabodi ya mabasi ya mjini. Abiria wengi wa mabasi hayo hawakujua kwamba wameketi ndani ya kazi ya mafundi wa ndege.

Wakati huo huo Oswald alikuwa na wazo lake mwenyewe, wala si la Horace. Aliona kwamba mbao hunywa maji. Ndege ya majini ikikaa mtoni siku nyingi huzidi uzito, gundi hulegea, na mti huoza. Kila avuaye kwa mtumbwi katika mto Kongo anaijua habari hiyo. Basi alitaka kujenga ndege kwa madini tu, kwa bati jepesi liitwalo duralumini, ambalo ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo. Tena hakutaka bati liwe kama nguo iliyovikwa mifupa. Alitaka ngozi yenyewe ya ndege ibebe nguvu, kama ganda la yai, ambalo ni jembamba sana lakini hushinda ukilibana.

Mwaka wa 1920 aliionyesha ndege yake London, ikang'aa kama fedha. Aliiita Silver Streak. Wakubwa wa serikali waliitazama kwa mashaka. Waliinunua, wakaipima, wakaona ni imara kweli, kisha wakanyamaza. Hawakuagiza nyingine. Walidhani bati jembamba litachakaa na kupasuka bila mtu kujua. Pengine hawakuwa wapumbavu. Jambo lilikuwa jipya, na roho za watu zilikuwa hatarini. Lakini Oswald aliumia sana, kwa sababu alijua kwamba yuko sawa, na kila mwaka uliopita mafundi wa nchi nyingine walimkaribia.

Alingoja miaka minne. Mwaka wa 1924 mtu mmoja kutoka Australia alimwomba ndege ndogo ya majini isiyoweza kuoza. Oswald akamjengea mashua ya angani yenye tumbo la bati tupu. Injini zake zilikuwa dhaifu mno hata ilishindwa kuondoka majini kwa urahisi, lakini tumbo halikuvuja. Serikali nayo ilimpa mabawa ya ndege kubwa ya zamani ayafungie tumbo la bati badala ya la mbao. Marubani waliijaribu kwa ukali, wakaiangusha juu ya mawimbi ambayo yangepasua mbao. Bati halikupasuka. Ndipo mashaka yalipokwisha.

Tangu hapo kazi ilikuja. Mwaka wa 1927 rubani mashuhuri Alan Cobham alichukua ndege kubwa ya Short iitwayo Singapore, akalizunguka bara la Afrika, akarudi kwao mwaka wa 1928. Mwaka wa 1931 alikuja tena na ndege nyingine ya Short, Valetta, akaufuata Nile na maziwa mpaka akatua juu ya maji ya ziwa Kivu, katika nchi ya Kongo. Mwaka ule ule shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya barua na abiria kutoka Uingereza mpaka Mwanza, na katika sehemu za njia hiyo zilitumika mashua za angani za Oswald. Watu wa kando ya ziwa Viktoria walizoea kuziona zikishuka, zikipasua maji kwa povu jeupe, kisha zikafungwa kwenye boya kama mashua yoyote.

Katika siku hizo za furaha Oswald alimpoteza Eustace. Eustace alikuwa amejifunza kurusha ndege katika utu uzima, na aliupenda mchezo huo kama kijana. Siku moja ya mwezi wa Aprili 1932 alipaa peke yake katika ndege ndogo ya majini, akazunguka, akatua vizuri juu ya mto Medway. Watu wa ukingoni waliona ndege inaendelea kwenda juu ya maji bila kusimama. Walipoifikia, walimkuta amekaa kitini pake, amekufa. Moyo wake ulikuwa umesimama baada ya kutua. Kati ya watatu walioweka pauni 200 kila mmoja, sasa alibaki mmoja.

Kazi kubwa kuliko zote ilianza mwaka wa 1935. Imperial Airways waliagiza mashua za angani ishirini na nane kwa mara moja, na hakuna hata moja iliyokuwa imejengwa. Walinunua mchoro tu. Mchoro huo ulikuwa wa Arthur Gouge, fundi mkuu wa Oswald, ambaye alikuwa ameingia kiwandani kama fundi wa kawaida. Ya kwanza, Canopus, ilipaa mwezi wa Julai 1936. Ilikuwa na injini nne, na abiria ishirini na wanne waliweza kuketi humo, pamoja na barua nyingi. Kutoka Uingereza mpaka Afrika ya Kusini zilitua kwenye maji tu: bahari, Nile, maziwa, na bahari tena.

Mojawapo iliitwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Uganda kwenda Juba. Chombo chake cha kuonyesha njia kilikuwa kibovu, ikapotea. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani Alcock aliona chini yake mto mwembamba. Alikuwa juu ya Kongo, karibu na Faradje, katika jimbo ambalo makao yake makuu yalikuwa Stanleyville, na mto ule ulikuwa Dungu. Alitua. Ndege ikagonga mwamba, bati la tumbo likatoboka, naye akaiendesha mbio mpaka kwenye matope ya ukingo kabla haijazama. Hakuna mtu aliyekufa.

Mafundi walitumwa kutoka Rochester. Walifanya kazi miezi mingi katika jua na mvua, wakaliziba tumbo la ndege mahali pasipo na kiwanda. Mwezi wa Julai ndege ilijaribu kuondoka. Mto ulikuwa mfupi na maji machache. Ikagonga mwamba tena, ikatoboka tena. Wengine wangeiacha. Lakini mwezi wa Septemba vita kuu ya pili vilianza, na ndege ya namna ile haikuweza kupatikana tena kwa urahisi. Basi wenyeji walikusanywa, wakajenga boma la kuyazuia maji ya mto mpaka yakapanda na kufunika miamba. Kijiji cha wafanyakazi kilichotokea pale kilipewa jina la Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940 rubani Kelly-Rogers aliwasha injini zote nne, akakimbia juu ya maji yale yaliyoinuliwa kwa mikono, akapaa. Zaidi ya miezi tisa ilikuwa imepita tangu siku ilipotua. Miaka ishirini mapema, tumbo la mbao lingeoza matopeni.

Vita hivyo vilimletea Oswald kazi nyingi na huzuni kubwa. Kiwanda chake kilijenga Sunderland, mashua za angani za kulinda meli baharini, na Stirling, ndege nzito za mabomu. Mwaka wa 1940 Wajerumani walikipiga kiwanda cha Rochester kwa mabomu. Serikali ililalamika kwamba ndege hazitoki upesi, na kwamba shirika haliongozwi vizuri. Mwezi wa Januari 1943 Oswald, mwenye miaka sitini, alilazimishwa kuacha uenyekiti. Miezi miwili baadaye serikali ililitwaa shirika lote kwa amri ya vita. Alipewa cheo cha heshima cha kudumu, kisicho na kazi wala mamlaka. Jina la ndugu watatu lilibaki mlangoni, lakini yeye hakuwa tena na neno ndani yake.

Baada ya vita kazi ya Rochester ilifungwa, na shirika likahamia Belfast, katika Ireland ya Kaskazini. Viwanja virefu vya ndege vilikuwa vimejengwa kila mahali wakati wa vita, na ndege za magurudumu zikachukua njia zote. Mwaka wa 1950 shirika la ndege la Uingereza liliacha kutumia mashua za angani. Lakini ndege hizo za magurudumu zilijengwa kwa ngozi ya bati inayobeba nguvu, kama ganda la yai, sawasawa na ile ambayo wakubwa waliitilia mashaka mwaka wa 1920.

Oswald aliishi kimya katika nyumba yake kusini mwa Uingereza. Alifuatilia habari za angani mpaka uzee wake, na aliishi kuona watu wawili wakitembea juu ya mwezi, mwezi wa Julai 1969. Alikufa mwezi wa Desemba wa mwaka huo, naye alikuwa na miaka 86.